Kusoma Herufi za Ukutani Si Kupimwa Macho

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo niko na hasira, na hasira yangu ina anwani. Inaenda kwa ule ubao mweupe wenye herufi nyeusi, kubwa juu, ndogo chini. Unasimama mbali, unafunika jicho moja, unasoma. Ukifika chini bila kukwama unaambiwa, "Macho yako ni sawa kabisa, enda ukapumzike."

Nasema hivi, na nitarudia mpaka mchoke: mtu aliyekupima kwa ubao huo peke yake hajapima macho yako. Amepima kipande kidogo cha katikati, kisha akatia sahihi kwa jicho lote. Kuna watu wa umri wetu wanapoteza macho yao kuanzia pembeni huku wamebeba mfukoni karatasi inayosema wako sawa.

Kwanza tumpe ubao heshima yake. Ulitengenezwa na daktari Mholanzi, Herman Snellen, mwaka wa 1862. Kazi yake ni moja, kupima ukali wa kuona: je, unaweza kutofautisha vitu vidogo ukiviangalia moja kwa moja? Kwa swali hilo ni kifaa safi. Kama unahitaji miwani ya kuona mbali, ubao utakushika. Shida ni kwamba tumeufanya ujibu maswali ambayo hauwezi.

Macho yana kitu kingine kinaitwa uwanja wa kuona. Huo ni upana wote unaouona bila kusogeza jicho. Ukiangalia mbele tuli, jicho moja zima linaona karibu digrii 100 upande wa nje, karibu 60 upande wa pua, karibu 60 juu, na 70 hivi kuenda chini. Herufi za ukutani unazisoma na digrii chache tu za katikati. Zile zingine zote, zinazokuambia kuna boda inakuja, kuna ngazi hapo chini, kuna mtu amesimama kando yako, hakuna aliyeziuliza.

Fikiria mkaguzi ametumwa aangalie uwanja wa mpira kabla ya mechi. Anaingia, anasimama kwenye duara la katikati, anaangalia nyasi alizokanyaga, anasema uwanja uko fiti. Karibu na bendera ya kona kuna shimo la kumeza mtoto. Huyo ungemlipa? Na sisi kwa macho tunamlipa, tena tunamshukuru.

Najua tayari kuna mtu anasema, "Lakini kama uwanja wangu ungekuwa na shimo, si ningeliona?"

Hapana. Na sitaki uniamini kwa mdomo, nataka ujionee sasa hivi. Chukua karatasi. Chora msalaba mdogo upande wa kushoto. Pima sentimita 8 kuenda kulia, hapo chora doti nene, ijaze wino. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia, angalia msalaba tu, usidanganye. Anza karatasi ikiwa mbali, kisha ilete usoni polepole. Ikifika kama sentimita 30 hivi, doti itapotea. Haitakuwa nyeusi wala na ukungu. Utaona karatasi nyeupe tu, safi kabisa.

Umeona? Hilo shimo umezaliwa nalo. Ni mahali ambapo neva ya jicho inatokea kuelekea kwa ubongo, na hapo hakuna chembe za kupokea mwanga. Mfaransa Edme Mariotte alilieleza miaka ya 1660, na watu walishangaa vile umeshangaa wewe. Umekaa na shimo hilo maisha yako yote na hujawahi kuliona, kwa sababu ubongo unalipaka rangi ya kile kilicho karibu. Ubongo hauachi nafasi tupu, unabuni.

Sasa ingia kwa ugonjwa. Retina ni ile tabaka nyembamba nyuma ya jicho inayopokea picha. Kuna kundi la magonjwa linaloifanya ivimbe na kuwaka kwa ndani. Madaktari wanaita yuveitisi ya nyuma wakati uvimbe umeshika retina na tabaka iliyo chini yake, inayoitwa koroidi. Na yuveitisi haingoji uzeeke. Inapenda sana watu wa miaka ya kufanya kazi, kuanzia ishirini na kitu kuenda juu. Yaani sisi.

Sababu ni nyingi. Kuna kimelea anaitwa toksoplasma, ambaye watu wengi wanaishi naye bila kujua. Unaweza kumpata kwa nyama isiyoiva, maji machafu, mboga ambazo hazijaoshwa, au mchanga wenye kinyesi cha paka, na wengine wanazaliwa naye. Kuna kifua kikuu. Kuna kaswende, ndio, ile ile ya zinaa. Inaweza kushika retina, na habari njema ni kwamba inatibika kwa penisilini. Kuna virusi vya saitomegalo, ambavyo vinakula retina ya mtu ambaye HIV imeshusha kinga yake sana, hasa CD4 ikishuka chini ya 50. Halafu kuna magonjwa ambapo kinga ya mwili wenyewe inageuka na kuushambulia, kama ule unaoitwa Behçet, kwa jina la daktari wa ngozi Mturuki, Hulusi Behçet, aliyeuandika mwaka wa 1937.

Hao maadui hawafanani, lakini wana tabia moja. Wakikaa retina, wanaacha mashimo kwa uwanja wako. Na retina haina neva za maumivu. Inaweza kuungua huko nyuma na wewe huumwi popote. Jicho linaweza kuwa jeupe, zuri, la kupigia picha. Sisi tumefundishwa kwamba jicho gonjwa ni jekundu, linauma, linatoa uchafu. Kwa hivyo jicho jeupe lisilouma likija kliniki, linasomeshwa herufi, linarudishwa nyumbani.

Virusi vya saitomegalo mara nyingi huanzia pembeni ya retina. Mgonjwa anaweza kusoma ubao vizuri wakati moto unatembea kuelekea katikati. Siku ubao utakapomshika, sehemu kubwa imeshaenda. Ndio maana mtu aliye kwa ARV asikubali kuziacha hata siku moja. Dawa hizo zilipokuja kutumiwa kwa pamoja katikati ya miaka ya 1990, ugonjwa huu ulipungua sana. Ukiacha ARV, unaufungulia mlango.

Ugonjwa mwingine, unaoshika zaidi watu wenye asili ya Ulaya, unaitwa birdshot kwa sababu madoa yake yametawanyika kama zile chembe za risasi za kuwindia ndege. Madaktari wanaoufuatilia walijifunza kwamba mgonjwa anaweza kusoma herufi vizuri huku retina yake inaharibika. Kwa hivyo hawaamini ubao peke yake. Wanampima uwanja, na wanapima umeme wa retina yenyewe. Yaani hii si nadharia yangu ya mtandaoni. Wanaojua wanajua, lakini ujuzi haujatoka kwenye vyumba vyao ukafika kwa duka la miwani la mtaa wako.

Na kama bado unadhani pembeni ni ziada tu, kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye uwanja wake umebaki digrii 10 au chini kuzunguka katikati anahesabiwa kama kipofu. Hata kama hapo katikati anasoma kila herufi. Soma hiyo tena. Unaweza kufika mstari wa mwisho wa ubao na uwe kipofu kwa hesabu. Uingereza, dereva wa kawaida lazima awe na uwanja wa angalau digrii 120 kwa upana, kwa sababu wanajua mtoto anayekimbilia mpira barabarani hatokei katikati ya herufi. Anatokea pembeni.

Kwa nini nimeshikwa na hii mambo? Kwa sababu jicho langu la kushoto liko ndani ya hii hadithi.

Nilikuwa nimetoka chuo, naanza hizi vidio. Asubuhi moja niliamka na vidoadoa vinaelea, vingi, kama mtu amepuliza masizi ndani ya jicho. Pembeni kushoto, upande wa chini, kulikuwa na kitu kama moshi. Wiki hiyo hiyo nilienda kupimwa. Sitataja mahali. Nilieleza neno kwa neno: vidoadoa, moshi, kushoto chini. Nikasomeshwa ubao. Nilisoma mpaka mstari wa pili kutoka chini. Nikaambiwa ni simu, nipunguze simu, na nikauziwa miwani ya kuzuia mwanga wa buluu. Wiki ya tatu nilirudi, kwa sababu nilikuwa nagonga kona za meza na nilikuwa nimekosa ngazi ya matatu mara mbili. Ubao tena. "Uko sawa." Mara hii nikapewa matone.

Daktari wa tatu ndiye alikuwa wa kwanza kuniwekea dawa ya kupanua mboni na kuangalia nyuma. Hata dakika tano hazikuisha. Ilikuwa toksoplasma, uvimbe umekaa kando kabisa ya neva ya jicho. Akanieleza kwa nini mahali hapo ni pabaya: nyuzi zinazobeba picha kutoka pembeni zinapita hapo zikielekea kwa neva. Ukichoma nyaya karibu na soketi, chumba kizima kinazima, hata kama alama ya moto ni ndogo. Akaniketisha kwa mashine, ukiona taa unabonyeza. Karatasi ikatoka na kipande cheusi chenye umbo la kipande cha keki, kushoto chini, kuanzia karibu na lile shimo la kuzaliwa mpaka ukingoni.

Nilitibiwa, uvimbe ukapoa, moshi ukaisha. Kile kipande hakikurudi. Retina ikishakuwa kovu ni kovu. Na leo nikisimama mbele ya ubao na jicho hilo, nasoma mpaka chini. Mkinipima vile mnapimana, mimi ni mzima.

Sasa naomba nijibu wale wa komenti mapema.

Wa kwanza: "Wewe si daktari, hata chuo uliacha." Ni kweli, niliacha chuo. Sijakuambia unaugua nini, na sitakuambia umeze nini. Nakuambia vile ulivyopimwa. Hauhitaji digrii kujua kwamba mtu aliyeangalia mlango wa mbele hajakagua nyumba.

Wa pili: "Mashine za uwanja ni ghali, madaktari wa macho ni wachache, wengi wako Nairobi." Sawa, hilo ni la kweli na linauma. Lakini vidole ni bei gani? Kuna kipimo cha zamani, madaktari wote wanakijua. Mnakaa mkiangaliana, umbali wa kama mita moja. Wewe unafunika jicho moja, yeye anafunika lake la upande unaotazamana na hilo. Unaangalia jicho lake, yeye analeta vidole katikati yenu, kona ya juu, ya chini, kushoto, kulia, unamwambia ni vingapi. Kisha jicho la pili. Dakika mbili. Haishiki mashimo madogo, kwa hivyo ukipita si cheti. Lakini kipande kama changu kinaweza kujitokeza, na mtu akajua kukutuma mbele badala ya kukuuzia miwani. Kambi za matibabu za bure zinapiga watu picha, zinagawa fulana, zinasomesha herufi mia tatu kwa siku. Dakika mbili za vidole kwa mtu anayelalamika zinakosekana wapi?

Hapa Kenya tuna ujuzi wa kurahisisha vipimo. Peek Acuity, ile programu ya kupima macho kwa simu, ilijaribiwa Nakuru na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2015, na mfumo wa Peek ukatumika kupima wanafunzi Trans Nzoia. Naiheshimu sana hiyo kazi, imefikia watoto ambao hakuna daktari angewafikia. Lakini hata programu hiyo inapima ukali wa kuona, kama ubao. Anayeishika asidhani ameshika jicho lote.

Wa tatu: "Unatisha watu bure, vidoadoa ni kawaida." Kidoa kimoja au viwili ambavyo umekaa navyo miaka, ndio, mara nyingi havina shida. Mimi naongea juu ya vingi vipya vilivyokuja ghafla. Vimulimuli vya mwanga ukiwa gizani. Kivuli kama pazia linashuka. Ukungu ambao miwani hautoi. Mistari iliyonyooka inayoonekana imepinda. Hayo si ya kungoja mwisho wa mwezi. Pazia na vimulimuli ni vya siku hiyo hiyo, kwa sababu retina inaweza kuwa inabanduka.

Na nyinyi wenzangu wa vidio, mnaouza juisi ya karoti na mazoezi ya kuzungusha macho, naongea na nyinyi pia. Karoti ni chakula kizuri. Haiui toksoplasma. Haitibu kaswende. Mtu mwenye moto kwa retina akikaa wiki sita anafuata changamoto yako ya siku arobaini, hizo wiki ni zake, hazirudi, na wewe utakuwa umepata maoni elfu kumi.

Kemisti wa mtaa pia asijifiche. Matone ya macho yenye steroidi yanauzwa kama peremende. Kwanza, matone mengi hayafiki vizuri nyuma ya jicho, kwa hivyo kwa retina unapaka rangi geti wakati jikoni kunaungua. Pili, steroidi bila dawa ya kuua kimelea inaweza kufanya toksoplasma iwe mbaya zaidi. Tatu, ukiyatumia sana yanaweza kuleta mtoto wa jicho, na kwa watu wengine yanapandisha presha ya jicho mpaka glakoma, ugonjwa mwingine unaokula uwanja wa kuona kutoka pembeni, kimya kimya. Unaenda kutafuta dawa ya shimo moja, unachimbiwa la pili. Na usikimbie pia kujinunulia septrin kwa sababu umesikia inatumika kwa toksoplasma. Inatumika, ikiandikwa na mtu aliyeangalia nyuma ya jicho lako.

Kwa hivyo nataka nini? Vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachohitaji bajeti ya serikali.

Moja, acha kuuliza "nimesoma mpaka wapi?" Uliza, "Na pembeni umenipima? Na nyuma ya jicho umeangalia?" Kama jibu ni hapana na una dalili, sema kwa heshima: "Basi naomba uniandikie niende kwa daktari wa macho." Wako Kenyatta, wako Kikuyu, wako Loresho, wako Sabatia kule Vihiga. Mwambie nesi dalili zako kwa mpangilio: zilianza lini, jicho gani, upande gani. Sema "kivuli kushoto chini," usiseme "macho yananisumbua."

Mbili, jipime nyumbani jicho moja kwa wakati. Hili ndilo watu wanasahau. Ukifungua yote mawili, jicho zima linaficha makosa ya jicho bovu, na ubongo unamalizia. Chukua kile kitabu cha hesabu chenye viboksi, kile cha shule. Weka doti katikati ya ukurasa, ushike sentimita 30 kutoka usoni, funika jicho moja, angalia doti. Je, viboksi vyote vipo? Kuna mahali vimepotea, vimepinda, vimefifia? Daktari Mswisi, Marc Amsler, ndiye aliyefanya karatasi ya viboksi iwe kipimo cha macho. Inapima digrii kama 10 tu kuzunguka katikati, kwa hivyo ongeza na vidole vya rafiki kwa pembeni.

Tatu, wanaopima. Najua mnachoka, foleni ni ndefu, na wengi wenu mnafanya kazi nzuri na vifaa vibovu. Lakini mtu akikuambia kuna moshi kushoto na ubao unasema yuko sawa, ubao ndio haujui. Mwamini mtu. Yeye ndiye amekaa ndani ya hilo jicho.

Uvimbe wa retina mara nyingi unaweza kuzimwa ukishikwa mapema. Kovu hakuna mtu anajua kulifuta. Kati ya hizo mbili kuna wiki chache tu, na wengi wetu tunazimaliza tukisoma herufi.

Chora ule msalaba na ile doti. Mfanyie mathe, mfanyie mtu wa boda anayekubeba kila siku, mfanyie yule rafiki anayemwaga chai kila wakati mnamcheka. Kisha wapime na vidole, jicho moja kwa wakati.